Wajumbe Walivyonipenda

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na kahawa mmeshaanika? Baba bado anakohoa? Mwambie amalize dawa yote, asiache nusu eti kwa sababu amepata nafuu, maana namjua. Mimi huku Bunda ni mzima. Ugali wa muhogo nakula, usingizi napata.

Najua unasubiri habari za ubunge. Nimeshindwa, dada, na wala si kwa kura chache. Kura za maoni za chama zilipohesabiwa ukumbini, jina langu lilisomwa karibu na mwisho. Nikapiga makofi pamoja na wenzangu, nikampa mshindi mkono, nikarudi nyumbani Kabasa kufua nguo. Nasubiri nilie, silii. Nimekufa ganzi tu, kama fizi iliyochomwa sindano.

Hofu yangu uliijua: mtu wa kuja, Mmatengo wa Mbinga, niombe ubunge kwa watu wa Mara? Wewe ukanicheka. Lakini wanawake wa hapa Kabasa ndio niliosomba nao mawe na mchanga mpaka zahanati yetu ikapata chumba cha kujifungulia, na wao ndio walionisukuma nikachukue fomu. Jambo moja tu sikukuambia. Zahanati niliyokuwa nesi wake ni ya watu wa dini, na kwao anayetaka kugombea anaacha kazi kwanza. Nikapeleka barua ya kuacha kazi ofisini kwao Musoma. Mzee wa chama aliyekuwa ananiongoza akanishauri nisilitangaze hilo, kwamba huku mgombea asiye na kazi anaonekana ana njaa. Nikanyamaza. Kampeni nzima watu walijua nipo likizo.

Baada ya matokeo akaja Mama Nyangeta. Huyu ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, na ni mjumbe, yaani ni mmoja wa waliopiga kura. Kaja na kuku, anacheka. Nikamuuliza taratibu kura zangu zimeenda wapi. Hakuona hata aibu.

"Tulikunyima sisi wenyewe, nesi. Wabunge wakishaendaga Dodoma hawarudigi. Binti yangu anakaribia kujifungua, tukikuachia uende atamshika nani?"

Ningemwambia palepale kwamba kazi nimeshaacha, sikumwambia. Nikamchinja yule kuku, tukala.

Wiki iliyopita, asubuhi moja, binti akashikwa na uchungu, wakaja moja kwa moja kwangu. Nikawasindikiza mpaka zahanati. Mlinzi, ambaye malaria yake nimeitibu sijui mara ngapi, akaangalia chini, akasema ndugu wa mgonjwa wanabaki nje. Ndani yupo nesi mpya, msichana wa Butiama, na kazi anaijua, siwezi kumsema vibaya. Binti akaingizwa. Mama Nyangeta akanigeukia, anangoja na mimi niingie. Ndipo nikamwambia kwamba niliacha kazi ili nigombee.

Akakaa kwenye benchi.

"Ungetuambia," akasema.

"Na nyie mngeniuliza."

Tulikaa pale tunamsikiliza binti analia, na mikono yangu sikujua niiweke wapi. Mtoto ametoka salama, wa kike. Nilifurahi, nadhani nilifurahi.

Nimeomba kurudi. Musoma wamejibu vizuri tu, kwa heshima, kwamba nafasi imeshajazwa. Mama Nyangeta haji tena na maneno, anapita anaacha mchicha mlangoni na kwenda zake.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo ambaye najua aliniombea rozari zake zote, na wanao, hasa yule mkubwa anayetaka kusomea uuguzi. Huyo mwambie asome. Baba usimwambie chochote kwanza. Kila Jumapili anawatangazia watu nje ya kanisa kwamba binti yake ni nesi, mwache aendelee. Wengine wakikuuliza nafanya kazi gani huku, waambie nipo.

Mdogo wako,
Anjela