Mtandao Haushiki Kianyaga

Kianyaga, 4 Mei 2025

Mpendwa Murugi,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima isipokuwa masikio, ambayo sasa hata simu yameikataa kabisa. Natumai joto la Lodwar halijakumaliza na wanafunzi wako wanasoma.

Kompyuta uliyonitumia ili nisome midomo yako ukiongea haishiki mtandao. Simu ya jirani yetu Munene inaushika vizuri ule wa nyumbani kwake, tena akiwa amekaa kwenye kiti changu. Nimeizima, nimeiwasha, nimeigombeza. Nifanye nini? Tangu Krismasi sijaona uso wako.

Baba yako

Lodwar, 13 Mei

Mpendwa Baba,

U hali gani? Mimi sijambo, na joto tumezoeana.

Angalia kitufe chenye picha ya ndege ya abiria. Kikiwa kimewashwa, mtandao hukatika. Kama si hicho, basi kadi ya ndani inayoshika mtandao imekufa, ndiyo maana nimekutumia adapta hii ndogo kama ukucha ifanye kazi yake. Ichomeke ubavuni, ungoje dakika mbili, kisha chagua mtandao wa Munene. Jumapili saa kumi nitakupigia kwa kompyuta ya shule.

Na kwa kuwa naandika, nikuulize jambo lililonishinda kwa mdomo miaka mitatu. Tulipomzika Mama, ulitoweka kaburi likiwa bado halijajaa. Ulienda wapi?

Binti yako

Kianyaga, 25 Mei

Mpendwa Murugi,

Namshukuru Mungu kwa barua yako. Huku mvua imepungua na kahawa inafunga matunda. Adapta ilifika, nikaichomeka, lakini bado.

Nilienda kwenye kahawa, ile mistari ya chini aliyoipanda mama yako mwenyewe. Nililia huko mpaka shati likalowa. Nilikusikia ukiniita, maana wakati huo nilikuwa bado nasikia, nikanyamaza. Nisamehe.

Baba yako

Lodwar, 3 Juni

Baba,

Natumai u mzima. Mimi nililia darasani, watoto wakafikiri ni vumbi. Miaka yote hiyo nilidhani hukutaka kuwa karibu nami.

Ichomoe adapta, uichomeke kwenye tundu la upande wa pili. Ikigoma, mpelekee fundi wa mjini Kagio aiwekee draiva, ile programu ya kuifanya kompyuta iitambue. Nataka kukuona, Baba. Jumapili tatu nimekaa hapa bure.

Binti yako

Kianyaga, 15 Juni

Mpendwa Murugi,

Leo utanisamehe kwa kutokujulia hali. Kuna jambo linaninyima raha.

Adapta ilifanya kazi siku ile ile ya kwanza. Jumapili saa kumi jina lako lilitokea kwenye kioo, nami nikaichomoa. Barua yako ilikuwa mkononi na sikuwa nimeijibu. Tungeonana, ungeniuliza kama nimekula, ningekueleza habari za mbuzi, halafu tungeagana. Ndivyo tulivyo, mimi na wewe. Nimekuwa na hamu nawe sana, hata nikaogopa kukuona.

Sasa nimeichomeka. Piga Jumapili ukipenda. Ukikasirika nitaelewa.

Baba yako

Lodwar, 24 Juni

Mpendwa Baba,

Natumai unalala salama siku hizi. Jumapili sikupiga, na si kwa hasira. Niliona jina lako liko hewani saa nzima. Nilitaka kupiga, mkono ukakataa, kwa sababu nilijua ningekuuliza kama umekula.

Shule zinafungwa Agosti, nami nakuja nyumbani. Ninunulie daftari na kalamu. Tutakaa meza moja, wewe upande ule, mimi upande huu, na yatakayotushinda kusema tutaandikiana.

Binti yako