Mgeni Aliyechora Duara

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na ukungu haujainuka migombani. Moyo wangu nao ni hivyo hivyo.

Leo nimekwenda Tukuyu, shuleni kwa binti yangu Atupele, kumpeleleza mtu.

Sina neno jingine. Mtu huyo ni mgeni kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam. Kwa Jumamosi kadhaa sasa anawafundisha hesabu watoto waliochaguliwa, wale wanaoziweza kuliko wenzao. Hataki malipo yoyote kwetu. Sasa anataka wawili kati yao waende Dar wakati wa likizo wakafundishwe zaidi, na mmoja ni Atupele. Jibu la wazazi linatakiwa Jumatatu.

Kwa nini mtoto asiye na baba?

Nina sababu ya kuuliza. Mtu wa mwisho kuja kwetu Kisondela na chaki mkononi alisema anapima tu. Alichora ubaoni barabara, na nyumba za kijiji kipya pande zote mbili, zimenyooka kama mistari ya daftari. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Baadaye tukaambiwa tuhamie kwenye mstari, na masika yalikuwa yameanza. Baba Atupele alibeba mianzi ya paa letu begani, akaenda na kurudi kwenye mvua, mpaka kifua kikamshika. Hakupona.

Mabuti yake ya mpira bado yako mlangoni. La kushoto aliliziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nikifagia, nayazunguka.

Basi leo nilikusudia kuingia darasani nikae nyuma, nimtazame huyo mgeni usoni. Kufika mlangoni, nikaona kofia nyeusi na mwavuli kwenye benchi la mwisho. Baba mkwe wangu. Naye alikuja kupeleleza, na hakumwambia mtu.

Kwetu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe wake, wala hamtazami. Wengi kanisani wameacha. Mimi na mzee hatujaacha, na tangu mwanawe afe tumezidisha. Nikazunguka, nikasimama nje chini ya dirisha, maji ya paa yananidondokea mgongoni.

Kwa hiyo nimesikiliza tu. Mgeni ana sauti ya chini. Alieleza kila anachochora: duara, nukta ukingoni, kila nukta imeunganishwa na nyingine zote; kisha wakahesabu vyumba vilivyopatikana ndani. Nukta mbili, vyumba viwili. Tatu, vinne. Nne, vinane. Tano, kumi na sita.

"Na nukta sita?"

"Thelathini na mbili!" Darasa zima, kwa sauti moja.

Halafu nikasikia sauti ya mwanangu. "Thelathini na moja."

Wakacheka. Mvulana mmoja akasema, "Atupele, kile kingine umempangisha nani?" Wakacheka tena. Mimi huko nje uso uliniwaka.

"Wenzako wote wanasema thelathini na mbili," mgeni akasema. "Huoni vinaongezeka maradufu?"

"Naona, mwalimu. Lakini nimehesabu."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Hata mimi sikuamini."

Ikabaki sauti ya chaki. Akahesabu kwa sauti chumba kimoja kimoja ubaoni, akaishia thelathini na moja. Watoto wakaanza kupiga makofi, akawakataza.

"Hesabuni kwanza nyinyi wenyewe. Mkinipigia makofi kabla ya kuhesabu, Jumamosi ijayo nitawadanganya tena."

Nikaitazama mikono yangu, ile iliyopiga makofi Kisondela.

Alipotoka alinikuta pale pale. "Mama, mbona unalowa?" Nikamwuliza, "Unamtakia nini mwanangu?" Hakucheka. Alisema anataka Atupele afundishwe na watu wanaomzidi yeye. Atalala kwake, pamoja na mkewe na watoto wao, na nikitaka nije naye nipaone.

Amejibu vizuri sana. Mtu anayejibu vizuri hivyo ndiye ninayemwogopa.

Kurudi, mzee alitangulia, Atupele katikati, mimi nyuma kabisa. Mzee akasema bila kugeuka:

"Ugwe, wewe Atupele, mwambie mama yako yule mtu simwamini."

"Mwambie babu hata mimi."

"Mmeshasikiana," Atupele akasema. "Mimi nipeleke nini tena?"

Mzee akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Kisha akasema, "Mwambie hivi. Darasa zima limemcheka, mwalimu naye kamjaribu, na hakubadili neno. Huko Dar wataanzia wapi kumdanganya?"

Nilikuwa najifuta mvua usoni, na si mvua peke yake.

Baada ya kula nimechora duara kwenye jivu la mekoni. Nikaweka nukta sita, nikazipanga vizuri, nafasi sawa kila upande. Nikaunganisha, nikahesabu. Thelathini. Nikarudia. Thelathini. Nikamwita Atupele, nikidhani mgeni ameshatudanganya.

Akachuchumaa, akatazama. "Mama, umepanga vizuri mno. Ona, mistari mitatu imekutana hapa katikati, ikameza kachumba kamoja." Akasogeza nukta moja kwa kidole, akachora upya. Kachumba kakatokea, kadogo kama punje ya mahindi.

Yeye amekwenda kuosha vyombo. Mimi nimebaki nakatazama. Nje nyumba zetu zimenyooka kando ya barabara, kama zilivyochorwa.

Jumatatu nitasema aende. Nitapanda naye basi mpaka huko huko, nimwone huyo mke, nikague mlango na komeo lake, nilale siku mbili tatu. Mgeni bado simwamini. Mwenyewe amesema tuhesabu kwanza.