Kilo Kumi za Mahindi ya Zambarau

Nyuma ya Soko Kuu,
Huanta, Ayacucho,
Peru.

14 Julai, 2024

Mpendwa mdogo wangu Fidencia,

Pokea salamu za dada yako kutoka kwenye baridi ya Julai, asubuhi vidole havikunjiki. U hali gani? Pale walipokutoa kinyama cha kupima pamepona? Unakula? Usiniandikie "sijambo" kwa mazoea tu. Sisi huku tu wazima. Goti langu linalalamika nikipanda ngazi, lakini mdomo haujaumwa hata siku moja, kama unavyonijua.

Barua yako niliisomea kibandani, wateja nikawaacha wamesimama. Unaomba kilo kumi za mahindi ya zambarau pamoja na magunzi yake. Nilicheka! Mtu yuko Milano miaka ishirini na mitano, bado anakumbuka kwamba rangi imejaa kwenye gunzi kuliko kwenye punje. Wenzako wa Lima hutupa gunzi, halafu hulalamika kinywaji kimepauka.

Unazikumbuka Jumapili zetu? Mama alibandika lile sufuria tangu alfajiri: magunzi, maganda ya nanasi, mdalasini, karafuu. Nyumba nzima ilinukia mpaka jirani Grimalda akaja "kuomba chumvi", na kikombe amekificha kwenye kanga yake ya mgongoni. Ugomvi wetu mimi na wewe ulikuwa mmoja, nani atakamua ndimu. Kinywaji kikishapoa, matone matatu tu, ile zambarau nzito inageuka nyekundu ya kung'aa hivi hivi ukiiona. Na wewe ulipiga kelele kila mara kana kwamba hujawahi kushuhudia. Mama alikuwa akisema, "Huyu naye! Kila Jumapili anazaliwa upya." Nilizikumbuka siku hizo nikalia pale pale sokoni, watu wakadhani nimeibiwa. Natamani zirudi, Fide. Hata ugomvi natamani urudi.

Halafu nikafungua ukurasa wa pili.

Unasema umeahirisha upasuaji mara mbili. Utakunywa mahindi kwanza mpaka Krismasi, uone uvimbe utafanya nini, kwa sababu Mama alikunywa maisha yake yote na titi halikumsumbua. Na ushahidi umeniwekea: picha ya kibanda changu uliyoiona kwenye simu, na kibao changu juu yake, "Zambarau Inayoua Saratani".

Kibao hicho nilikiandika mimi. Mwaka juzi alikuja mwalimu wa chuo kikuu, kijana mwembamba anaitwa Wilmer, kununua magunzi ya maabara. Akatueleza kwamba rangi hii hii inayotuchafua vidole imeonekana kuzuia seli za saratani zisikue kwenye visahani vya kioo, na kwamba panya waliolishwa walipata uvimbe mchache kuliko wenzao. Mimi nikasikia nilichotaka kusikia, nikatafuta ubao na brashi. Aliporudi akasimama mbele ya kibao akashika kichwa. "Mama Eudocia, mimi nilisema panya!" Nikamjibu, "Kwani panya si kiumbe cha Mungu?" Soko zima likaangua kicheko, na mimi nikaendelea kuuza.

Juzi nilimpigia, safari hii bila mzaha. Akaniambia vyakula vyenye rangi, mahindi yetu, matunda, mboga, ni vizuri mwilini na huenda vikasaidia kukinga. Ila hajui binadamu hata mmoja ambaye uvimbe wake uliondolewa na kikombe. Kibao nimekishusha. Nimekipasua kuni.

Lakini kibao ni kosa dogo. Kaa kitako, mdogo wangu.

Mama hakufa kwa ugonjwa wa moyo. Alikufa kwa saratani ya titi, la kushoto. Uvimbe aliuona mapema akauficha chini ya shali, akawa anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, akijipa moyo kwamba utayeyuka. Hata mimi alinificha, mpaka nguo ikaanza kulowa. Tulipofika hospitali daktari alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Wewe wakati huo una mimba ya Mirella, huna karatasi za ukaazi, ungetoka Italia usingerudi tena. Mama akaniapisha. "Fide asijue. Akijua atakuja, na akija atapoteza kila kitu." Nikakupigia simu nikasema ni moyo. Ulilia, ukasema afadhali hakuteseka. Aliteseka, Fide. Aliteseka miezi minane, na mimi nimeubeba uongo huo peke yangu mpaka leo. Nisamehe.

Daktari wako alikuuliza kama katika familia kuna aliyewahi kuugua, ukamjibu hapana. Jibu hilo ni langu, nilikupa mimi. Basi barua hii ikikufikia rudi kwake, usivue hata koti. Mwambie ni mama yako mzazi, na alikuwa na miaka hamsini na miwili. Wewe una hamsini. Mirella naye aambiwe, amwone daktari, hata akinuna.

Mahindi nitatuma, si kilo kumi, ni mbili, na nitayatuma siku utakayonijulisha umeshapasuliwa. Ukiwa kwenye dripu ya dawa za saratani usiyanywe kabla ya kumwuliza daktari. Siku akikuruhusu, chemsha, unywe kwa sababu ni matamu. Kazi nyingine usiyape.

Ukitaka kunitukana, nitukane, nimestahili. Nipigie simu unitukane usiku kucha, sitakata. Ila usinikomoe kwa kukaa nyumbani.

Mume wangu Ponciano anakusalimu na anataka niandike kwamba anakuombea, ingawa kanisani huwa anakoroma. Grimalda, kazeeka lakini kikombe bado anacho, anakubusu. Msalimie shemeji yangu Ettore, na Mirella mkumbatie mpaka apige kelele. Bwana wetu Msulubiwa wa Maynay asimame kando ya kitanda cha upasuaji na asiondoke mpaka ufumbue macho.

Wako akupendaye, niliyekudanganya miaka ishirini na mmoja kwa sababu Mama alitaka uishi, na ninayekwambia ukweli leo kwa sababu hiyo hiyo,

Dada yako,
Eudocia