Fimbo Iliyofungwa Ijumaa

4 Machi

Shemeji yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, dada yako magoti yanamsumbua, mdomo bado mzima. Wewe presha inakwendaje? Najua hukutarajia mwandiko huu baada ya miaka kumi na moja.

Juzi kiwandani wameniita niwafundishe mafundi wapya. Harufu ya gundi na mbao mbichi ikanirudisha mbali: wewe na tochi mdomoni, mimi na spana, mkate mmoja tumeugawana juu ya sanduku la vifaa. Wamenunua mashine mpya ya kukandamiza mbao. Ile sensa inayopima sahani ya chuma ya kukandamizia imeshuka kiasi gani, fimbo yake imefungwa kwa kiungo cha gololi, kama kile ulichokuwa ukikihimiza. Sahani ikienda upande kidogo, kiungo kinageuka, fimbo haipindi.

Fundi mmoja wa kike akaniuliza, "Mzee, na mtu akiifunga moja kwa moja, bila kiungo?"

"Itapinda," nikamjibu. Sikumwambia nimejuaje.

Shemeji, ni mimi. Kiungo ulichofunga kwenye ile mashine yetu ya zamani kilikatika Ijumaa jioni, stoo imeshafungwa. Nikakitoa, nikaikaza fimbo kwa boliti, isicheze hata kidogo. Jumatatu ikapinda, sensa ikadanganya, sahani ikashuka kupita kiasi ikapasuka. Wakakufukuza wewe kwa kufunga vibaya. Nami nikanyamaza. Dada yako alikuwa na mimba ya miezi minane, nikaogopa kukosa kazi.

Nimemweleza meneja yote kwa maandishi. Nakala nimeiambatanisha.

Shemeji yako,
Spana

20 Aprili

Shemeji,

Natumaini u mzima. Jibu sijaliona, na sina haki ya kulidai. Dada yako nimemweleza. Chakula ananipakulia, maongezi ameyafungia kabatini. Nijulishe tu kama bado unapumua.

Shemeji yako

2 Juni

Shemeji,

Mimi mzima, presha inapanda na kushuka kama bei ya sukari. Barua zako zote mbili zilifika. Nilizisoma, nikaziweka, nikazisoma tena.

Nilijua. Jumatatu ile ile nilipoifungua fimbo nilikuta boliti yenye nati mbili, moja juu ya nyingine. Kiwanda kizima ni wewe tu uliyekuwa ukifunga hivyo. Ningekutaja, dada yangu angejifungua mkiwa hamna kazi wala senti. Mimi sikuwa na mke wala mtoto. Nilinyamaza kwa ajili yake, wala usijidanganye kwamba ni kwa ajili yako.

Kazi nilipata nyingine. Kilichonichoma ni siku ile niliyobeba vitu vyangu nikasimama getini mpaka zamu ikaisha. Miaka tisa tulitoka pamoja, ukinisimulia uongo wako wa mpira njia nzima. Siku hiyo ulipitia mlango wa nyuma. Mlinzi ndiye aliyeniambia, "Mwenzako kashaondoka."

Mwambie dada yangu afungue kabati. Mwenye kununa ni mimi, na mimi nimechoka.

Jumamosi nitakuwa kituo cha basi saa nne asubuhi. Njoo peke yako kwanza. Ukiniona nimekaa kimya, na wewe kaa kimya. Tutembee tu mpaka nyumbani.

Shemeji yako