Jembe la Posa Kwenye Ndege

Jumatano, 11 Juni. Uyole

Tanzania nzima ina vichwa viwili. Kimoja ndicho hiki changu, cha pili bado nakitafuta. Kidato cha pili waliniondoa kwa wivu tu. Leo nimepima kwenye simu: uwanja wa ndege wa Mbeya mpaka wa Iringa, mstari ulionyooka, kilomita mia tatu na kidogo. Kwa ndege ni robo tatu ya saa. Basi linakula siku. Kaka Lusajo kauza viazi vizuri, nikamshawishi anitume nikakate tiketi mbili, yangu na ya mjomba Asegelile, mshenga wake. Jumamosi kabla ya saa sita mchana tunatakiwa Iringa, nyumbani kwa kina Vumilia, msichana wa kaka, na jembe la posa; likipokelewa, posa imekubaliwa. Tukikosa, Jumapili wanamsikiliza mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga. Baba yake Vumilia kasema hivyo, wala hakuficha.

Mjomba anataka basi. Mshamba.

Alhamisi, 12 Juni

Wazee wetu wamelisemea jembe maneno ya baraka, kila mmoja kaligusa. Sasa mjomba haliachi mpaka alifikishe. Chooni kaenda nalo. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya hovyo. Kutoka Uyole kwenda uwanjani unaipa Iringa mgongo, unavuka jiji zima. Ukungu. Ndege imechelewa kutua. Mlinzi akaliona jembe.

"Mzee, hilo haliingii na abiria."

Mjomba akagoma. Foleni nzima inatutazama. Mwishowe jembe likaenda na mizigo, mjomba akaliangalia kama mtoto anayepelekwa bweni.

Huko juu akaniuliza, "Mpwa, Iringa iko wapi?" Nikamjibu iko chini. Sikudanganya. Tukashuka Dar es Salaam. Joto la kijinga. Ndege ya Iringa ilishaondoka, tupande ya kesho. 

Jumamosi, 14 Juni

Iringa tumefika mchana. Jembe halikufika. Limebaki Dar, litaletwa kesho au keshokutwa, wenyewe hawajui. Nikasema tununue jingine sokoni, yamejaa tele. Mjomba akaniangalia. "Na wazee waliolisemea, nao utawanunua sokoni?"

Nilitamani kumzaba mtu kofi, sijui nani.

Tukaenda mikono mitupu, saa nane imepita. Chai tumepewa. Ugali na kuku tumepewa. Nafasi ya kusema neno, hapana. Vumilia kapita na birika, macho mekundu, hata salamu yangu hakuitikia. Nina hasira na mlinzi. Nina hasira na ukungu. Nani kasema ndege ya Iringa ikazunguke pwani kwanza? Watu hawana akili.

Jumapili, 15 Juni

Mshenga wa Mafinga kaja na basi, jembe begani. Limepokelewa.

Mjomba kampigia kaka. Kaka kasema "sawa", akakata. Bora angenitukana.

Yule dada wa tiketi aliniambia ndege inapitia Dar. Aliniambia mara mbili, nikamwambia nimeelewa, na nyumbani sikusema. Basi la asubuhi lingetufikisha, sisi na jembe letu.

Mimi nilitaka kupanda ndege.