Mashua Iliyoondoka Wakati wa Maombi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Haron Mogire
Umri: Miaka 47
Kazi: Fundi na muuzaji wa pampu, mota na betri, mjini Kisii
Makazi: Masimba
Tarehe: 13 Machi 2025, saa nane na robo mchana

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu kwa sababu Masese, jirani wa Bi. Tryphosa, yuko ndani na hakuiba kitu.

Mnamo tarehe 3 Machi, Bi. Tryphosa Mong'ina, mfugaji wa samaki mwenye bwawa karibu na Nyaramba, alifika dukani kwangu. Alitaka mota ya mashua yake kwa sababu bega lake lilikuwa limechoshwa na makasia. Nilimshauri achukue ya umeme, maana watu huchota maji katika lile bwawa na mafuta yangeyaharibu. Yeye alitaka yenye mguu, yaani ile nguzo inayoshuka majini, mrefu kuliko zote. Nikamwambia, "Mama, hiyo itakulimia matope." Tulikwenda bwawani tukapima kutoka juu ya ubao wa nyuma wa mashua hadi usawa wa maji, tukachagua ya mguu mfupi.

Leo saa tatu asubuhi niliifunga huko bwawani. Ubao wa nyuma ulikuwa mwembamba, kwa hiyo niliuongezea kipande cha mbao ngumu, kisha nikakaza skrubu mbili za kubania. Ilishika vizuri sana.

Saa nne Mchungaji Onsongo alifika kuiombea. Kwetu gari jipya huombewa milango ikiwa wazi na injini ikinguruma. Mchungaji akasema mashua nayo ifunguliwe na iwashwe. Nilifungua kamba, nikaiwasha mota kwenye namba moja, mwendo wa chini kabisa, nikaishika mashua kwa mikono yangu miwili. Mota ile haina kelele. Sote, pamoja na Bi. Tryphosa na watu waliokusanyika, tukafumba macho.

Katikati ya maombi mchungaji alisema, "Tuinue mikono kwa Bwana." Nikainua yote miwili.

Nilipokumbuka, nilifumbua macho. Mimi ni shemasi, na kila Jumapili ndimi ninayewakemea watoto wanaochungulia wakati wa maombi. Mashua ilikuwa imeshafika mbali, ikienda peke yake, imenyooka, haiyumbi. Ningepaswa kupiga kelele. Lakini mchungaji alikuwa amefika kwenye kuwaombea wajane na yatima, na mimi, nasema kweli, nilikuwa nafurahia kazi yangu.

Masese alikuwa ng'ambo ya bwawa akikata nyasi ya ng'ombe. Aliiona mashua, akatupa panga, akaingia majini hadi kifuani na kuipanda ili aizuie. Hakujua pa kuizimia mota. Aliushika mkono wa mota, mashua ikageuka na kuanza kurudi kwetu. Mchungaji aliposema "Amina," watu wote walifumbua macho wakamwona Masese katikati ya bwawa, ameketi wima na amelowa chapachapa.

Bi. Tryphosa na Masese hawajasalimiana kwa miaka sita kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mama huyo aliita, "Mwizi!" Masese alijibu, "Mwizi gani anakuletea mpaka mlangoni?" Hakuna aliyemsikiliza. Watu wakampakia pikipiki wakamleta hapa.

Mimi nilinyamaza. Niliwekewa sahani ya ugali wa wimbi na kuku, nikaiacha mezani nikaja hapa. Mficha uchi hazai. Kosa ni langu: nilifungua kamba, nikawasha mota, nikaachilia. Masese aliingia majini kuokoa mali ya mtu asiyemsalimia, nami ndimi pekee niliyeona, kwa sababu nilichungulia.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yaliyopaswa kuwa yamefumbwa, na ninayathibitisha kwa sahihi yangu.

(Sahihi) H. Mogire

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya kwa Kiswahili na kukubali kuwa ni sahihi. Mlalamikaji, Bi. Tryphosa, alikuwa ameketi kwenye benchi la nje na dirisha lilikuwa wazi. Alicheka mpaka akafuta machozi, akaingia na kuondoa malalamiko yake. Mshukiwa ameachiliwa saa tisa kasorobo. Mlalamikaji amemsalimia kwa mkono mbele yangu, akamwomba warudi pamoja bwawani amfundishe kuiendesha mashua, kwa kuwa hadi sasa hakuna mwingine aliyewahi kuiendesha.

Konstebo Phanice Nyaboke