Hodi Kwenye Nyumba Isiyo na Paa

Mjukuu wangu Mwajuma,

Assalaam alaikum. Shikamoo yako imefika, marahaba. Kifua kimepoa? Sisi hapa Mikumi hatujambo, alhamdulillah. Babu yako yuko Malolo anavuna vitunguu.

Umeuliza kwa nini nilipiga hodi kwenye chumba chako kipya wakati hakina mtu. Hiyo nimeitoa kwa baba yangu. Serikali iliporuhusu tena watu kufanya biashara zao, kibanda chake cha chai kikapata wateja, akatupeleka kisiwani alikozaliwa bibi wa mama yangu. Mama alikuwa akiitamani safari hiyo tangu utoto.

Wenyeji wakatuonyesha nyumba yenyewe, kuta tupu juu ya jabali lililojaa ndege wa baharini. Baba akapiga hodi mara tatu, kimya. Akageuka.

"Hatujakaribishwa. Turudini."

"Baba, hata paa haina."

"Kwani hodi inapigiwa paa?"

Nikamtafuta mama kwa macho, simwoni. Mara sauti ikatoka ndani, katikati ya kelele za ndege: "Karibuni."

Kumbe mama alikuwa amezunguka akapitia ukuta ulioanguka. Baba akavua viatu, akaingia. Mama akatuonyesha jiwe la kukalia, machozi yanamtoka.

Mpaka leo nachanganyikiwa. Alikuwa mgeni aliyeingia bila hodi, au mwenye nyumba aliyerudi kwao? Nilimuuliza, akasema hata yeye hajui.

Siku ile chumbani kwako ulisimama nyuma yangu ukanicheka. Nikija tena, tangulia ndani, unikaribishe. Nijibu upesi, mama.

Bibi yako